Kumsaidia mgonjwa si kumfanyia kila kitu

Najua wengi mnaosoma karatasi hii hamkuweza kusikia kipindi. Simu ilikwisha chaji, au ulikuwa kwenye mstari wa maji, au redio iko kwa jirani. Ndiyo sababu tunaandika. Ukimaliza kusoma, msomee na mwenzako asiyejua kusoma.

Kipindi chetu cha afya leo kinahusu watu wanaotibu kwa mazoezi. Sisi tuliotoka Kongo tunawaita kine. Hapa Uganda utasikia wanaitwa fizio. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni mtaalamu wa fiziotherapia, au mtaalamu wa tiba ya viungo. Ni mtu yuleyule. Tarehe 8 mwezi wa 9 kila mwaka ni siku yao duniani kote. Ilichaguliwa tarehe hiyo kwa sababu mwaka 1951 vyama vya nchi 11 vilikutana vikaanzisha chama kimoja cha dunia. Siku yenyewe ilianza kuadhimishwa mwaka 1996.

Mimi si daktari. Nilimaliza sekondari hapahapa Nakivale, na kazi yangu ni redio. Nitakayokuambia nimeyajua kwa njia mbili: kwa kuwauliza wanaofanya kazi hiyo, na kwa baba yangu. Nianze na baba.

Baba yangu ni seremala. Tulipofika kambini alianza na msumeno mmoja na randa mbili, akatengeneza milango ya majirani, vitanda, na madawati ya kanisa. Asubuhi moja ya masika aliamka kwenda chooni, akaanguka mlangoni. Mdomo ulikuwa umepinda upande. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vililegea kama si vyake. Alitaka kusema, lakini maneno yakatoka kama ya mtu mwenye ugali mdomoni.

Jirani mmoja alisema amelishwa sumu. Mwingine akasema ni mambo ya kurogwa, tutafute mtu wa maombi kwanza. Tulipoteza siku mbili kwa maneno hayo. Tulipomfikisha hospitalini tuliambiwa ni kiharusi. Presha ilikuwa juu sana naye hakujua, sisi pia hatukujua.

Hapa nisimame kidogo nikuambie jambo la kwanza la leo. Ukiona mtu uso umepinda ghafla, au mkono mmoja umelegea hawezi kuuinua, au usemi umevurugika, usingoje. Usimpe chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa. Mpeleke hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni kwa bodaboda akiwa ameshikwa na watu wawili. Siku mbili tulizopoteza sisi hazikurudi.

Baba alilazwa wiki moja, akapewa dawa za presha, akarudi nyumbani. Tuliambiwa tuhakikishe anameza dawa kila siku. Kuhusu mkono na mguu hatukuambiwa kitu, au labda tuliambiwa tukawa hatusikii kwa hofu. Basi tukafanya tulichojua. Tulimpenda.

Mama alimlisha kwa kijiko. Yaya yangu alimwogesha na kumvalisha. Mimi nilikaa karibu na godoro, na kila alipojaribu kujiinua nilikimbia: “Baba, lala, utaanguka.” Tukitaka kumketisha, mmoja alishika mgongo na mwingine alivuta ule mkono uliolegea, maana ndio uliokuwa karibu na ukingo wa godoro. Choo tulimletea ndani, kwenye beseni. Watu waliokuja kumsalimu walitusifu. Walisema, “Mzee huyu ana watoto.” Nami nilifurahi kusifiwa.

Tulikaa hivyo miezi mitatu. Sasa sikiliza matokeo yake. Bega la kulia lilianza kumuuma mpaka usiku analia, baba yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku tulipokimbia. Vidole vilijikunja vikawa ngumi, ukitaka kunawisha kiganja ni vita. Unyayo ulielekea chini kama wa mtu anayesimama kwa ncha ya vidole. Chini ya mgongo kilitokea kidonda cha kulala, ukubwa wa sarafu ya shilingi 500. Na kuongea alikuwa ameacha. Mwezi wa nne alituonyesha kwa mkono wa kushoto sanduku la vyombo vyake vya kazi, kisha akaonyesha mlango. Alitaka viuzwe. Wiki hiyo nilipeleka randa moja sokoni Base Camp, ikauzwa.

Ndipo kine alipofika. Aliletwa na mhudumu wa afya wa kijiji chetu, ambaye alikuwa amemwandika baba kwenye daftari lake. Alikuwa mama wa makamo, Mganda, anayejua Kiswahili kidogo. Mimi nilitegemea atatoa mafuta aanze kumkanda. Hakumgusa. Aliketi kwenye mkeka, uso wake ukiwa sawa na uso wa baba, akamwuliza, “Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?”

Nikajibu mimi: “Ni seremala.”

Akasema, “Asante dada, lakini nimemwuliza mzee.”

Tukangoja. Ilikuwa muda mrefu, mpaka mimi niliona aibu. Kisha baba akasema, “Mbao.”

Kine akauliza tena, “Unataka kuweza nini kwanza?”

Tukangoja tena. Baba akasema, “Choo. Mwenyewe.”

Ndugu msomaji, sisi tulikuwa tumeishi naye miezi mitatu ndani ya chumba kimoja cha shitingi, na hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo. Tulidhani anataka supu.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kumpima. Aligusa mguu akamwuliza kama anahisi. Alikunja goti polepole akaona linafika wapi. Alimwomba asukume mkono wake kwa mguu wa kushoto, kisha kwa wa kulia, akaandika. Alimtazama anavyogeuka kwenye godoro. Alituomba tumwonyeshe tunavyomketisha, na alipoona tunavuta mkono alitusimamisha. Akatueleza kwamba mkono uliolegea hauna misuli ya kushikilia bega mahali pake. Ukiuvuta, unalitoa bega kwenye makao yake kidogokidogo kila siku. Maumivu yale ya usiku tulikuwa tumeyatengeneza sisi wenyewe, kwa upendo.

Nataka ulishike hilo, maana ndilo lililonifanya niandike kipindi hiki. Hakuna aliyetaka kumwumiza baba. Tulifanya yote kwa heshima. Lakini mwili usiotumika haubaki ulivyo ukikungoja. Misuli inapungua, viungo vinakakamaa, ngozi inachubuka, na mtu mwenyewe anaanza kuamini kwamba amekwisha. Kumfanyia mgonjwa kila kitu ni kumwondolea, siku kwa siku, kile kidogo alichobaki nacho.

Sasa utauliza, kama sehemu ya ubongo imekufa, mazoezi yatafanya nini? Nami niliuliza. Jibu nililopewa ni hili. Unajua barabara ya kwetu mvua ikiikata. Gari halipiti. Lakini watu hawaachi kwenda sokoni. Wa kwanza anapita pembeni kwenye majani kwa shida, wa pili anamfuata, na baada ya miguu mia kuna kinjia, baadaye hata bodaboda inapita. Ubongo unafanya karibu hivyo. Sehemu iliyokufa hairudi, lakini sehemu nzima za karibu zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, ikiwa kazi hiyo itarudiwa mara nyingi sana. Mtu asipopita, kinjia hakifunguki. Ndiyo maana zoezi moja kwa wiki halitoshi, na ndiyo maana kulala tu ni hasara.

Siku ile ya kwanza baba alipewa kazi tatu tu. Kazi ya kwanza, kugeuzwa kila baada ya saa 2 akiwa amelala, na kidonda kiachwe bila kulaliwa. Mkono wa kulia ukae juu ya mto au nguo iliyokunjwa, usining’inie. Kazi ya pili, kula akiwa ameketi wima, akishika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto, hata akimwaga. Kazi ya tatu, kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa tena, mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, mtu akiwa upande wake wa kulia ameshika kitenge alichofungwa kiunoni. Tushike kitenge, tusishike mkono.

Kiti tuliazima kwa jirani. Kilikuwa kirefu kidogo, na hilo lilikuwa jema, kwa sababu kusimama kutoka kwenye kiti kirefu ni rahisi kuliko kiti kifupi. Siku ya kwanza alisimama mara 2 akatokwa na jasho kama aliyelima. Mama alilia akasema tunamtesa. Mimi pia nilitaka kuacha. Baba akasema, “Tena.”

Kine alirudi baada ya wiki mbili. Hesabu nawe: wiki mbili zina saa 336. Yeye alikaa nasi saa 1. Saa 335 zilizobaki zilikuwa zetu. Kama ungeniuliza zamani nani anamtibu mgonjwa, ningesema ni kine. Sasa nasema kine ni mwalimu, mgonjwa ni mwanafunzi, na nyumbani ndiko darasani. Mwalimu akiondoka na mwanafunzi akafunga daftari, hakuna alichojifunza.

Kila aliporudi alipima tena. Alihesabu ni mara ngapi baba anaweza kusimama bila kupumzika. Alipoanza kutembea, aliweka jiwe mlangoni na jingine kwenye mti wa parachichi, akahesabu kwa simu inachukua muda gani kufika. Akaongeza zoezi, au akalibadilisha. Alimfundisha kushika fimbo mkono wa kushoto, upande ulio mzima. Wengi tunadhani fimbo inashikwa upande wa mguu mgonjwa, lakini ni upande wa pili. Na kwenye ngazi au kizingiti, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka.

Mwezi wa saba tangu aanguke, baba alikwenda chooni mwenyewe. Yaya alichimba vijiti viwili njiani vya kushika, akafunga na mti wa kushikilia ndani. Alichukua muda mrefu na tulisimama nje kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Alipotoka hakusema kitu. Alipita katikati yetu akaenda kukaa kwenye kiti.

Sitakudanganya. Bega halikupona kabisa. Vidole vya kulia vinafunguka nusu. Kama tungeanza wiki ya kwanza, huenda hali ingekuwa nyingine, na hilo mimi ninalibeba. Lakini sasa anashikilia ubao kwa uzito wa mkono wa kulia na kupiga randa kwa mkono wa kushoto. Ni randa ile moja iliyobaki. Anatengeneza vigoda. Vinachukua siku nyingi na vimepinda kidogo. Watu wananunua.

Basi, umesikia ya baba. Lakini kine hatibu kiharusi tu. Hebu nikupitishe kwenye nyumba nyingine, na uangalie kama yako imo.

Kama umevunjika mguu au mkono, kwa bodaboda au kwa kuanguka shambani, najua mtu wa kwanza anayetajwa ni mzee wa kijiji anayefunga mifupa. Simtukani mzee huyo. Lakini mfupa uliovunjika leo usikandwe wala kuvutwa. Nenda upigwe picha kwanza. Ukifungwa plasta, vidole vilivyo nje vichezeshe kila saa, na mkono uinue juu ya mto usivimbe. Ukiona vidole vimekuwa vya bluu au vyeupe, vimekufa ganzi, au maumivu yanaongezeka sana ndani ya plasta, rudi hospitalini siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kadi. Na plasta ikitolewa, usishangae mguu umekuwa mwembamba na goti halikunji. Wengi wanaishia hapo, wanasema mfupa umeunga, basi. Mfupa umeunga, kazi ya kine ndiyo inaanza: kurudisha mkunjo, nguvu, na imani ya kukanyaga.

Kama umezaa mtoto ambaye nyayo zimepinda kwa ndani, usimfiche kwenye kitenge. Hukukosea chochote na hakuna aliyekulaani. Kuna njia iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, na hapa Uganda imefundishwa sana. Mguu unanyooshwa polepole kwa mikono, unafungwa plasta, na plasta inabadilishwa kila wiki, mara nyingi kwa wiki 5 hadi 7. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino ili unyayo uinuke. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, na baadaye wakati wa kulala mpaka afike karibu miaka 4. Uanze mapema, wiki za kwanza ikiwezekana. Na hapa tena ni kazi ya nyumbani: mama akivua viatu mapema kwa sababu mtoto analia, miguu hurudi ilivyokuwa.

Kama mtoto wako ana mtindio wa ubongo, hashiki shingo, anakakamaa au amelegea, kine hatakuahidi kumponya. Akikuahidi, mwogope. Lakini atakufundisha jinsi ya kumbeba ili miguu isikazane kama mkasi, jinsi ya kumketisha kwenye kiti cha pembeni kilichotengenezwa kwa mbao au hata kwa makaratasi yaliyogandishwa kwa unga, na jinsi ya kumlisha akiwa wima asipaliwe. Mtoto aliyeketi vizuri anaona wenzake, anacheza, anakula kwa usalama. Mtoto aliyelazwa chali mchana kutwa anaona shitingi tu.

Kama umekatwa mguu kwa risasi, bomu au kisukari, usiweke mto chini ya goti la mguu uliobaki, hata kama unapumzika vizuri hivyo. Goti likizoea kukunjika, siku ya kupata mguu wa bandia hautavalika. Linyooshe, na kila siku lala kifudifudi kwa muda. Waliokaa Goma watakumbuka kituo cha Shirika la Umoja, ambako watu waliingia wakibebwa na kutoka wakitembea. Mguu wa bandia ni nusu ya kazi. Kujifunza kusimama juu yake ni nusu nyingine, na hiyo hufanywa pamoja na kine.

Na kama ni mgongo unaouma, kwa jerikani, kwa jembe, kwa kulala chini? Zamani watu waliambiwa walale mpaka upone. Sasa wataalamu wanasema kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, kuendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi husaidia kuliko kulala. Beba jerikani mbili ndogo, moja kila mkono, badala ya moja kubwa upande mmoja. Lakini kuna dalili ambazo si za mazoezi, ni za daktari mara moja: miguu inakosa nguvu, huwezi kuzuia au kutoa mkojo, unakufa ganzi sehemu za siri, au una homa na unakonda huku mgongo unauma hasa usiku. Hiyo inaweza kuwa hata kifua kikuu cha mgongo, na kina dawa.

Sasa kuhusu maumivu, maana ndiyo yanayofanya watu wakimbie. Niliogopa nami. Niliambiwa hivi: kuna maumivu ya kazi na maumivu ya hatari. Ya kazi ni kama ya mtu aliyelima siku ya kwanza baada ya kiangazi. Yanavuta, yanachosha, yanapoa baada ya kupumzika. Ya hatari yanachoma kama kisu, au yanabaki mpaka kesho yakiwa makali zaidi, au kiungo kinavimba na kuwa cha moto. Ya kwanza, endelea. Ya pili, punguza na umwambie kine. Kumwambia “nzuri” kwa heshima wakati unaumia hakumsaidii. Si utovu wa adabu kumwambia ukweli.

Sema pia ukweli kama hukufanya mazoezi. Wengi tunajibu “nimefanya” kama tulivyokuwa tunamjibu mwalimu. Yeye atapima, ataona hakuna mabadiliko, atadhani zoezi halifai, atalibadilisha bure. Kama hukufanya kwa sababu ulikuwa shambani, au huna kiti, au unaona aibu majirani wakikuangalia, mwambie hivyo. Anaweza kulifunga zoezi ndani ya kazi yako: kusimama mara 5 kila unapochochea moto, kunyoosha kisigino unaposubiri jerikani ijae.

Ukipata nafasi ya kumwona, usiondoke kabla ya kuuliza maswali manne. Zoezi gani? Mara ngapi kwa siku? Nitajuaje kwamba nazidisha? Na nitarudi lini? Mtu anayekutunza nyumbani aje nawe, afanye mbele ya kine, asahihishwe hapohapo. Sisi tulisahihishwa baada ya miezi mitatu. Wewe usingoje.

Najua utasema kine ni wachache na Mbarara ni mbali. Ni kweli. Sitakuambia ni rahisi. Lakini anza na mhudumu wa afya wa kijiji chako, umwombe akuandike, na umkumbushe. Ukienda kituo cha afya kwa ajili ya dawa za presha au plasta, uliza siku gani fizio anakuja. Watu wengi hawaonwi kwa sababu hakuna aliyewataja. Baba alikuwa umbali wa nyumba nne kutoka kwa mhudumu wetu, na ilichukua miezi mitatu jina lake liandikwe.

Wakati unangoja, usiache kitu kimoja. Mwulize mgonjwa wako, “Unataka kuweza nini mwenyewe?” Kisha nyamaza. Usimjibie. Ngoja mpaka aseme, hata kama ni neno moja.

Kwa makundi yanayosikiliza au kusoma pamoja, haya ndiyo maswali ya wiki. Kwanza, katika nyumba yenu au ya jirani, ni nani anayefanyiwa kila kitu? Ni kipi kimoja angeweza kuanza kufanya mwenyewe wiki hii, nanyi mkae karibu bila kumfanyia? Pili, ni nani kati yenu aliyetolewa plasta akaacha hapo? Tatu, katika kijiji chenu, kuna mtoto anayefichwa? Nani atakwenda kumsalimu mama yake, bila kumwaibisha, amwambie kuna njia? Chagueni mtu mmoja aandike majibu, ayalete studio au ampe mwandishi wetu anayepita Juru na Rubondo. Tutayasoma kwenye kipindi, bila kutaja majina.

Mama aliponisikia nikiandika haya aliniuliza kwa nini naeleza watu makosa yetu. Nilimwambia waliotusifu wakati ule walikuwa majirani zetu, na wao pia wana wazee nyumbani. Baba alikuwa anapiga randa. Hakuacha kazi, ila alisema, “Waambie habari ya mkono.” Basi nimewaambia: wasiuvute.

Mpe mwenzako karatasi hii. Tuonane kipindi kijacho, na mbaki salama.